Nilimpitisha Mshenga Wangu Mlimani kwa Uongo

Jamani, kosa ni langu. Hata shetani simsingizii, maana usukani niliushika mimi.

Mimi ni kijana wa Kashaulili, hapa Mpanda. Naosha magari, na udereva nilijifunzia hapo hapo, kwa kuyasogeza sogeza mpaka nikapata leseni. Shule niliishia la saba, lakini ndoto ninazo! Nataka siku moja niendeshe watalii. Nikiona mlima tu, moyo unacheza.

Basi, mwezi uliopita tulikuwa tunapeleka posa yangu upande wa Mamba, kwa kina Pendo. (Siyo jina lake, msimtafute.) Baba mdogo alitoa Noah yake. Tulikuwa wanne: yeye, shangazi, mshenga wangu na mimi dereva. Mshenga ni mzee wa Kisukuma, mtaa mzima tunamheshimu. Akisema jambo, limeisha. Ndiyo maana tulimchagua atuongelee.

Tulipopita Sitalike, nikaanza kuwashwa. Kuna barabara kubwa inakwenda moja kwa moja, na kuna ile ya kupanda mlimani, kona juu ya kona, ukifika juu unaliona bonde la Rukwa lote! Nilitaka nipige picha nimtumie Pendo. Ila nilijua wazee hawatakubali kuzunguka siku ya posa.

Nikasema, "Wazee, nimesikia barabara kubwa imefungwa. Daraja limeharibika."

Hivyo tu. Uongo mwepesi kama unyoya!

"Basi pita unakojua," mshenga akasema. Aliniamini. Nikakata kona.

Nisiwafiche, nilifurahi! Nikisimama kila penye upepo, napiga picha, napiga nyingine. Shangazi alishika mfuko mdomoni, akiinua uso ni kunitukana tu.

"We mtoto, unaoa au unatafuta nyani?"

"Shangazi, angalia ukungu ule!"

"Nauangalia mfuko huu!"

Kule juu, mshenga alishuka taratibu, akavua kofia. Akaangalia bonde mpaka nikadhani anasali. "Miaka yote nipo huku," akasema, "sijawahi kuiona nchi yetu namna hii." Nilijiona shujaa. Mimi nimempa mzee zawadi!

Tulifika jua limeshalala upande. Wali umepoa, wenyeji wamechoka kukaa kwenye viti. Wazee wakaingia ndani. Mimi nikabaki garini, maana mwoaji haingii kwenye posa. Ila niliegesha chini ya dirisha. Makusudi, ndiyo!

Nikamsikia baba yake Pendo: "Karibuni wageni. Tulishaanza kusema mmeghairi."

Mshenga akajibu kwa sauti yake nzito, "Mtuwie radhi. Barabara kubwa imefungwa, daraja limeharibika, ikabidi tuzungukie mlimani."

Halafu mjomba wake Pendo akauliza, "Limeharibika saa ngapi? Mimi nimepita hapo mchana huu na pikipiki."

"Nimeambiwa hivyo, ndugu yangu."

"Kumbe mshenga naye anaambiwa!" Wakacheka wote. Mshenga hakucheka.

Baba yake Pendo hakucheka pia. "Mzee mwenzangu, barabara hii tunaikanyaga kila siku. Kama umetudanganya kwa hii, huyo kijana wako tusiyemjua, sifa zake tutaziaminije?"

Mzee wa watu, kitu chake kimoja ni neno lake, na mimi nilikuwa nimelitia tope mbele za watu!

Sikufikiria mila wala nini. Nikafungua mlango, nikaingia, nikapiga magoti na vumbi langu usoni. "Wazee, uongo ni wangu. Yeye hajui kitu. Nilitaka kuona mlima."

"Huyu ndiye mwoaji?" mjomba akashangaa. "Ameingia mwenyewe! Makubwa!"

Baba yake Pendo akaliangalia vumbi langu. "Mletee maji anawe," akamwambia mtu. Kisha akamgeukia mshenga. "Binti hatujawanyima. Lakini posa hii imeingia na uongo. Rudini nayo, mlete nyingine."

Aliyeleta maji alikuwa Pendo. Akanimiminia mikononi, akanong'ona, "Mlima huo mimi nauona kila siku kutoka huku chini. Si ungenisubiri tukapande wote?" Nililia, jamani. Nikasingizia vumbi.

Tulirudi kwa barabara kubwa. Tukafika kwenye daraja, zima kabisa, tukalivuka. Shangazi akageuza shingo. "Haa! Limepona?"

Hakuna aliyecheka. Mbele kidogo ndipo mshenga akafungua mdomo. "Kule juu kulikuwa kuzuri, mwanangu. Ungesema tu, 'Wazee, nataka muone mlima,' ningekubali."

Neno hilo linanila mpaka leo. Ningeomba, ningepewa!

Wiki iliyofuata mzee alipanda basi peke yake, akaenda kuwaomba radhi kwa kosa ambalo siyo lake. Aliporudi alisema Jumamosi hii tunakwenda tena. Ila gari ataendesha baba mdogo. Mimi nimepangiwa kiti cha nyuma, katikati, nimshikie shangazi mfuko.

Sijui watajibu nini. Usingizi siupati vizuri.

Nyie vijana wenzangu mnaopenda kuzurura, zurureni, nchi yetu ni nzuri! Lakini ukiwa umempakia mtu aliyebeba neno lako, mwambie ukweli unampitisha wapi. Mimi picha za mlima ninazo zote kwenye simu. Pendo sijamtumia hata moja.