Msimamizi wa Kompyuta ya Sebuleni

Kompyuta yetu hapa Kitengela iko na akaunti mbili. Ya mke wangu ni ndogo, akitaka kuweka programu lazima aombe ruhusa. Yangu ni ya msimamizi, haizuiwi kitu.

"Hata wewe tumia ndogo kwa kazi za kila siku," alinishauri.

"Mwenye boma aombe ruhusa nyumbani kwake?" nikamjibu.

Wiki jana nikaweka programu ya kutazama mpira bure. Iliingia bila maswali.

Jumapili mama mkwe alifika kutoka Namanga kuona picha za ubatizo wa mtoto wetu. Nikawasha kompyuta kwa maringo. Skrini ikajaa matangazo ya dawa za nguvu za kiume, na kila nililofunga lilizaa mengine.

Mama mkwe aliinamisha macho, akamwambia binti yake polepole, "Si mngeniambia tu? Ile miti ya dawa ya kuchemshia wanaume supu ya nguvu iko tele nyumbani."