Siku Niliyosema Niko Kwenye Kikao

Kwa miaka minne nilifanya kazi kwa wakili mmoja mzee pale Utemini, mjini Singida. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na mawakili tulikuwa yeye na mimi tu. Kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti iliponiita niwe mwanasheria wake, mzee alikuwa ameshaanza kusema atanifanya mbia.

Nilimwonyesha barua. Aliisoma mara mbili.

"Huko utakuwa na mteja mmoja tu," alisema, "na huyo huyo ndiye bosi wako. Fikiria."

Sikufikiria sana. Nilikuwa na mtoto mchanga, na nilikuwa nimechoka kudamka kuwahi mashauri ya Kiomboi na Manyoni. Kampuni ilitoa mshahara wa uhakika, bima, na Jumamosi za kupumzika. Nikasaini.

Kabla ya kuondoka nilikabidhi mafaili. Moja lilikuwa la mama mjane wa Kinampanda, aliyekuwa akigombania na shemeji zake shamba aliloachiwa na mumewe. Shauri lile nililijua vizuri. Nilikuwa nimezunguka naye mipaka yote, akinionyesha minyaa aliyoipanda marehemu kuwa alama.

"Siku ya kusikilizwa si utakuja?" aliniuliza.

"Mzee atakuwepo, mama. Tena ananizidi mbali."

"Sawa, mwanangu. Ila mimi nimekuzoea wewe."

Miezi mitano baadaye, asubuhi moja, mzee alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanakwama. Presha ilikuwa imempanda, wanawe wanampeleka hospitali.

"Leo ni shauri la yule mama," alisema. "Nenda ukaombe tu liahirishwe. Dakika kumi zinatosha."

Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mikutano. Mkurugenzi alikuwa ananisubiri na mkataba wa magunia. Ningemwomba ruhusa, huenda angenipa. Sikuomba.

"Mzee, niko kwenye kikao," nilisema.

"Haya," akasema, akakata simu.

Mzee alipooza upande mmoja, na ofisi haikufunguliwa tena. Habari za shauri nilizisikia kwa karani wa Baraza la Ardhi, muda wa rufaa ukiwa umeshapita. Baraza lilikuwa limeahirisha mara nyingi, likakataa kuahirisha tena. Mama alijieleza peke yake, bila mtu wa kuwahoji mashahidi wa shemeji zake. Akashindwa.

Msimu uliofuata wa alizeti nilimkuta kwenye foleni ya mizani ya kampuni, amesimama kando ya magunia mawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ndiko ulikohamia huku! Mtoto hajambo?"

"Hajambo." Nikamuuliza anaishi wapi sasa.

"Kwa binti yangu. Amenipa kipande nalima." Alisogeza gunia kwa goti, foleni ilikuwa imesonga. "Siku ile barazani niliwaambia wakili wangu yuko njiani. Kila mlango ukifunguka, nageuka."

Hakusema kwa hasira. Nilimwambia pole, akanishukuru. Mpima mizani akamwita, nami nikarudi ofisini.

Kwamba mzee alinipigia simu asubuhi ile, sikumwambia.