Kabati Lililorudi Kucheka

Kwanza kabisa, hakuna aliyemkata mwenzake panga. Kilichokatwa ni kabati, tena kwa msumeno, mchana kweupe, ndani ya chumba cha kulia. Pili, Msasa hakuiba wala kuuza hata kijiti chake. Wanaosimulia vingine kwenye viti vya saluni hawakuwepo, na wengine wao walikuwa hawajazaliwa. Mwandishi wa maneno haya ni mjane wa kaka mkubwa wa Msasa. Alikuwepo, ana macho, na hajasahau.

Jina la Msasa alilipata kazini. Ni mwanamke mpiga polishi wa fanicha za zamani, mwenye karakana ya bati nyuma ya soko, na viganja vyake ni vikavu kiasi kwamba akikushika shavu unajua umeshikwa. Ulimi wake nao ni hivyo hivyo. Watu humletea meza zilizolemaa na makabati ya bibi zao yaliyoonjwa na mchwa. Yeye huyazunguka, huyanusa, huyagonga kwa kifundo cha kidole, kisha hutoa hukumu: "Huyu atapona," au, "Huyu kamzikeni."

Kabati lenyewe lilikuwa la mama yao. Refu, la mbao za msaji, la kukaa ukutani kwenye chumba cha kulia, na milango chini na droo tatu juu. Mama alilinunua mnadani wakati nyumba moja kubwa ilipokuwa ikihamwa, na hata siku hiyo lilikuwa tayari zee. Aliyelitengeneza alikuwa fundi kwelikweli. Droo zake zilikaa sawasawa hivi kwamba ukisukuma ile ya katikati, hewa ilipita nyuma ikazisukuma za pembeni, nazo zikachungulia nje kidogo. Mama alikuwa akisema, "Mnaona? Kabati linacheka." Juu yake palikuwa na duara jeusi, mahali ambapo Msasa, akiwa mtoto, alitua sufuria ya moto. Alichapwa, na duara likabaki.

Mama alipofariki, wanawe wawili wa kiume walilitaka. Mkubwa, mkaguzi wa shule, alisema ni haki ya mzaliwa wa kwanza. Mdogo, ambaye wote humwita Dereva kwa kuwa anaendesha lori la maji, alisema ni haki ya aliyeachiwa nyumba. Hakuna aliyerudi nyuma. Msumeno ukapita katikati ya duara na katikati ya droo. Kila upande ukazibwa kwa plaiwudi na kuongezewa miguu miwili. Kuanzia hapo ndugu walikutana misibani tu, na mji ukapata la kusema.

Mkaguzi naye akafariki. Kisha binti ya Dereva akapata mchumba, kijana mpole, mwenye mama asiye mpole hata kidogo, muuguzi mkuu mstaafu. Mama huyo akatuma ujumbe: "Mwanangu haingii kwenye ukoo uliopasua kabati la mama yao. Siku wakigombania mjukuu itakuwaje?"

Binti alikwenda karakana akilia.

"Futa machozi," Msasa alimwambia, "yanaacha madoa kwenye polishi. Mwambie mama mkwe wako aje na watu wake tule pamoja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Akaliangalie kabati kwa macho yake."

"Lipi, shangazi?"

"Kwani tuna mangapi?"

Kwa Dereva hakupata shida. Nusu yake alikuwa ameipaka rangi nyeupe ya mafuta na kuijaza viatu. "Ichukue, dada," alisema. "Ila usinipeleke kwa yule mwalimu." Mwalimu ni mwandishi wa maneno haya, aliyekuwa akiicheka rangi ile kila mahali palipokuwa na masikio. Nusu yake yeye ilikaa penye dirisha, ikifutwa kila wiki, na marehemu alikuwa ameagiza isitoke nyumbani.

Msasa alikuja, akavuta kiti, akakaa.

"Sitoi, wifi," mwandishi alimwahi. "Nalinda neno la mume wangu na jina la familia."

"Jina gani? Hilo linalotembea mjini kwa mguu mmoja?"

"Usinitanie."

"Sikutanii. Mpwa wetu anaachwa kwa sababu ya mbao. Kaka alitaka kabati, hakutaka nusu. Nipe nikamtafutie alichokitaka."

Mwandishi aliisogeza nusu ile hadi mlangoni. Mkokoteni uliitwa.

Karakana ilijaa harufu ya spiriti. Msasa alianza na nusu ya Dereva, akiiloweka na kuikwangua taratibu, na rangi nyeupe ikatoka vipande vipande pamoja na polishi ya zamani iliyokuwa chini yake. Humo ndani msaji ulikuwa vilevile, rangi ya asali iliyoiva, kama siku za mama. Kisha akawaita wote wawili walete nusu zao za droo ya katikati, na mbele yao akaisogeza nusu hiyo karibu na ya mwalimu. Ile iliyofutwa kila wiki ilikuwa imepauka kama biskuti. Jua la dirishani lilikuwa limeimaliza, na rangi iliyochekwa ndiyo iliyoihifadhi mwenzake.

"Nani vile alikuwa akicheka rangi nyeupe?" Msasa aliuliza, bila kumwangalia mtu.

Mwandishi aliangalia bati. Dereva, aliyeleta nusu yake ya droo ikiwa bado na misumari ndani, alicheka mpaka akaketi juu ya kopo la gundi. Mwandishi alitoa yake kutoka kwenye mkoba, imejaa nyuzi za kushonea, na akajikuta anacheka pia.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Msumeno ulikuwa umekula mbao, hivyo plaiwudi ilipong'olewa na nusu mbili zikakutanishwa, duara lilibanwa likawa kama yai, na droo haikuenea mahali pake. Msasa alichonga ufito mwembamba wa mbao nyeupe, akauweka katikati ya kabati na ya droo kwa gundi, na duara likarudi kuwa duara, ila mstari mmoja mweupe ulilipita katikati.

"Huo ufito upake rangi ufanane," mwandishi alisema.

"Siupaki."

"Wageni watauona!"

"Ndiyo maana nauacha mweupe, wifi. Tukiuficha watautafuta mpaka jioni. Wakiuona mara moja, watakaa wale."

Nusu iliyopauka aliipaka polishi tabaka juu ya tabaka mpaka ikamkaribia mwenzake. Hazikufanana kama mapacha. Zilifanana kama ndugu.

Kabati lilirudi kwenye chumba cha kulia cha mama, nyumbani kwa Dereva, ukuta ule ule. Mwandishi alikuwa hajakanyaga chumba hicho tangu siku ya msumeno. Jumapili ile aliingia akiwa amebeba sahani za wageni, na Dereva akampokea mlangoni. "Karibu nyumbani, shemeji," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Mama wa kijana alifika amenyooka kama sindano. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akapitisha kidole juu ya ufito mweupe, mwanzo hadi mwisho.

"Hapa ndipo lilipokatwa?"

"Ndipo hapo," alisema Msasa.

"Na hii droo?"

"Nayo. Ifungue uchukue vijiko, mama, chakula kinapoa."

Mama aliifungua, akachukua vijiko, akaisukuma. Droo iliingia bila kukwaruza, na wakati huohuo zile za pembeni, moja kutoka kila nyumba, zikachungulia nje pamoja.

Mama alishtuka. Akaivuta tena, akaisukuma tena. Zikachungulia tena.

"Linafanya nini hili?"

"Linacheka," Dereva alisema, na ikabidi ajifute uso kwa kitambaa cha meza.

Yule mama akacheka, akasukuma droo mara nyingine tena kama mtoto, kisha akaketi na kumwita binti akae karibu yake. Mambo yakaishia hapo. Harusi ilifanyika, na picha ya maharusi ilipigwa mbele ya kabati, mstari mweupe ukionekana vizuri.

Ila Jumapili ile, katikati ya chakula, mama huyo aliuliza, "Lakini ni nani hasa aliyelikata?"

Dereva aliangalia sahani yake. Mwandishi aliangalia yake.

"Ongeza mchuzi, mama," alisema Msasa.

Wapo wanaouliza swali hilo mpaka leo. Aliyeshika msumeno anajulikana, na wanaomjua wote ni wa meza ile. Mwandishi hasemi zaidi.