Alama za Sauti ya Pili

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza kwa kuuza maji kwa mkokoteni mtaani Kisumu Ndogo, sina hata kandambili miguuni, na leo ukifika Malindi ukauliza duka la saruji na mabati, hata mtoto mdogo atakuleta mlangoni kwangu. Shule niliiacha darasa la nne. Wale walioendelea nayo, mmoja ananishikia hesabu, mwingine ananiendeshea lori, na wote wawili hunipa shikamoo asubuhi. Nimeona nyumba ya ghorofa niliyoiuzia kila mfuko wa saruji ikibomolewa kabla haijakauka rangi, na mwenyewe amekaa juu ya ndoo anaitazama. Nikamtumia chai. Sikushangaa.

Basi Mayo, ndivyo tumwitavyo mama kwetu Junju, aliponiambia amebakiwa na ombi moja, nilidhani nalijua kabla hajalitoa. Nilifikiri atataka kaburi la vigae. Vigae ninavyo, tena vya aina tatu.

Ugonjwa ulikuwa umemkalia kooni. Alinong'ona tu, nawe ulilazimika kuinama hadi sikio liguse midomo yake.

"Nataka kuusikia ule wimbo tuliomzikia babako."

"Basi tu?"

"Basi tu. Siku ile niliimba, baba. Nilikuwa sauti ya pili, nilikuwa ndani yake. Mtu aliye ndani hausikii. Sasa nataka nilale hapa, waimbe wengine, mimi nisikilize."

Wimbo wenyewe kanisani kwetu uliimbwa mazishini tu, kwa sauti nne. Ulikuwa katika kitabu cha kale kilichokaa kwenye kabati la kanisa, na mchwa walikila chote, wakaacha jalada. Sauti ya kwanza kila mtu aliikumbuka. Ya tatu na ya nne kulikuwa na wazee wawili watatu wa kuziokoteza. Ya pili waliijua wanawake wa rika la Mayo, na hao tumewazika wote. Alibaki yeye, na yeye hakuwa na sauti ya kumfundisha mtu.

"Wimbo ni karatasi tu, Mayo," nikamwambia. "Na karatasi mimi naipata."

"Usijigambe. Lete."

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeupata. Alitafuta kwenye simu yake hadi akafika katika maktaba ya mtandaoni ya chuo kimoja cha ng'ambo, ambako vitabu vya kale vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kitabu chetu kilikuwa humo, kizima, mchwa hawajakijua. Akanitumia kwa simu picha moja ya kurasa zote nne za wimbo.

Hapa niseme jambo kwa asiyejua kwaya zetu. Sisi hatusomi zile shanga za kwenye waya wanazosoma wapiga ala wa hotelini. Sisi tunasoma herufi: d, r, m, na kuendelea. Kati ya herufi kuna nukta za kukuonyesha ushikilie sauti kwa muda gani. Na chini ya herufi huwekwa alama ndogo, kama ukucha wa mdudu, ya kukuambia ushuke. Ikikaa juu ya herufi, upandishe sauti. Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni kwamba picha ilikuwa ndogo, na kitu kidogo hukuzwa.

Nikaenda kwa vijana wanaochapa mabango ya wanasiasa. "Fanyeni kubwa," nikawaambia. "Kubwa kiasi gani, mzee?" "Kama ubavu wa lori." Wakafanya. Nikalikunja nyuma ya pikapu, nikavuka daraja la Kilifi, nikapita Mnarani bila hata kusimama kununua korosho, nikaingia Junju kama mgombea.

Tulilitundika uani, mbele ya dirisha la Mayo. Herufi zilikuwa kubwa kama sahani za pilau. Mwalimu wa kwaya alisimama mbele yake akajikuna shingo.

"Mzee, nukta ziko wapi?"

"Zimo humo humo."

"Hazimo. Zimekuwa ukungu. Kukuza si kusafisha."

"Imbeni," nikasema.

Wakaimba. Mimi si mtu wa muziki, lakini hata mimi nilisikia kwamba kuna kitu kinatembea kwa mguu mmoja. Hawakufika ubeti wa pili. Mayo alikuwa anapiga godoro kwa kiganja. Niliingia nikainama.

"Wanakimbia," akanong'ona. "Na pale tunaposhuka, hawa wanapanda. Babako mmemtoa kaburini."

Akageukia ukutani.

Nilipotoka, mama mmoja wa kwaya alikuwa analikagua bango kwa vidole. "Tajiri, turubai zuri hili. Tuachie tuanikie mihogo." Wakacheka wote. Nami nikacheka, maana usipocheka utachekwa zaidi.

Mwalimu wa kwaya akanivuta kando. "Maktaba wenyewe wanayo picha kubwa, safi. Wameandika hapa unaweza kuipakua nzima. Simu yangu haiwezi, picha ni nzito mno. Lakini ni bure."

Bure! Mimi dukani kwangu najua kitu cha bure ni nini. Ni msumari uliopinda. Ni saruji iliyoganda mfukoni ikawa jiwe. Ni bati lililotobolewa na forklifti. Tangu nizaliwe sijaona kitu kizima kikitolewa bure na mtu mwenye akili zake, sembuse Mzungu. Nikamwambia mwalimu: "Mamangu haimbiwi kitu cha bure."

Nikampigia dalali mmoja wa Mombasa, mtu aliyewahi kuniagizia vipuri vya lori kutoka ng'ambo vikafika. Akasema hilo ni jambo dogo, ana mtu wake kule kule, ataingia maktabani mwenyewe na kukitoa kitabu kwa mashine kubwa, kila nukta ionekane. Nikampenda kwa maneno hayo. Nikamtumia alichotaka siku ile ile, sikubishana, na mimi nabishana hata na muuza mchicha.

Ikaanza ngoja ngoja. "Kesho, tajiri." "Kimeshapigwa picha, kinafungwa." "Kimeshafika Nairobi." Mvua za masika zikaingia, barabara ya kwenda kwa Mayo ikawa tope, pikapu ikawa inabaki kwenye lami nami natembea na viatu mkononi. Nilimpelekea godoro jipya. Nilimpelekea feni, nikamvutia na umeme wake. Kila nilipoingia hakuniangalia usoni. Aliniangalia mikononi. Akiona sikushika karatasi, anafumba macho, na mimi nakaa pale namweleza bei ya feni.

Baadaye akaacha hata kuangalia mikono.

Nilikuwa napakua saruji simu ilipolia. Alikuwa dada yangu aliyekuwa akimuuguza Mayo, analia tu, nikajua. Nikamaliza kupakua lori, kwa sababu lilikuwa la watu na lilitakiwa kuondoka. Halafu nikampigia dalali. Simu yake imezimwa, na mpaka leo naandika haya imezimwa.

Siku moja kabla ya mazishi, asubuhi mapema, niliingia saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti kilicho jirani na duka langu, kuchapisha picha za marehemu za kubandika kwenye magari. Mwenye saiba ni mama wa bara, ulimi wake mkali kama wembe, na mimi na yeye hutaniana.

"Leo tajiri umekuja mwenyewe? Karani wako amekufa?"

Nikampa simu atoe picha, na katika kutafuta akaikuta ile picha ya wimbo. Akauliza ni nini. Nikamweleza kwa kifupi: maktaba, kitabu, dalali.

"Hebu ngoja." Akakaa kwenye kompyuta, akafuata kiungo alichonitumia mwalimu wa kwaya. "Tajiri, mlichukua hii? Hii ni ya kuonja. Ni kama kile kipande cha nanasi wanachokukatia sokoni. Sasa wewe ukaenda ukakifanyia bango?"

Akabonyeza mahali. Mashine ikakaa kidogo, ikafikiri. Kisha ukurasa ukashuka kwenye kioo polepole, kutoka juu kwenda chini, kama pazia la jeneza.

Akaukuza. Herufi hazikuvunjika. Akaukuza tena. Nikaona nyuzi za karatasi, nikaona doa la chai la mtu aliyekwisha kufa zamani, nikaona nukta zimesimama moja moja. Na kwenye mstari wa sauti ya pili, kuelekea mwisho, chini ya kila herufi, zile kucha za mdudu. Nyingi, zimefuatana. Ndipo akina Mayo waliposhuka.

"Nani alikwambia inauzwa?" akauliza.

"Hakuna."

"Sasa?" Akageuka anicheke, akaniona. "Marehemu ni nani wako?"

"Mama."

Akaondoa mkono kwenye kompyuta. "Pole, baba," akasema. "Pole sana." Akazichapa kurasa kwa wino mzuri, akazipanga seti, akazitia kwenye bahasha bila neno jingine la mzaha.

Kwaya ilijifunza mchana kutwa chini ya hema, watu wakila wali pembeni. Kesho yake wakaimba kaburini. Hawakukimbia. Na walipofika pale, wale wanawake wa sauti ya pili walishuka, wakashuka tena, wakaenda chini mahali ambapo sikujua sauti ya mwanamke inafika, wakakaa huko wameshikilia. Nilisikia kila kitu. Nilikuwa nimesimama kichwani pake, kwenye udongo, na aliyetaka kusikiliza alikuwa amefunikwa. Wimbo wenyewe si mrefu. Ulipoisha nikawa nasikia majembe tu.

Kwetu baada ya kuzika, mweka hazina wa kamati husimama mbele ya watu akataja gharama zote, kila mtu ajue kazi imefanyikaje. Mweka hazina alikuwa mjomba wangu, na hana haraka akipata watu wa kumsikiliza. Akataja jeneza, akasema ni mimi. Akataja ng'ombe, hema, basi la kwaya, akasema ni mimi. Watu wakaguna kwa heshima.

"Na huu wimbo," akasema, "tumesikia ameuagiza ng'ambo kwa ajili ya mamake. Hiyo sikuandikiwa. Mpwa wangu, simama useme mwenyewe, watu wasikie mwana alivyomzika mzazi."

Nikasimama. Hakuna kitu nilichowahi kununua nisikitaje bei. Watu wote wa Junju wameshasikia bei ya pikapu yangu. Walinisubiri, na mwalimu wa kwaya akatazama miguu yake.

"Kurasa nne," nikasema, "seti tano, ishirini kwa ukurasa. Shilingi mia nne."