Ngome ya Babu Isiyosuguliwa

Wiki iliyopita nilitoka kazini Al Khuwair, hapa Muscat, na badala ya kurudi nyumbani nikashika njia ya Ruwi, kopo la halua liko kiti cha pembeni. Halina halua. Lina beji za kofia za jeshi la Waingereza, za babu yangu, Mungu amrehemu. Binti yangu anaolewa, nikataka moja, yenye picha ya ngome, isuguliwe niitie kwenye fremu, aondoke na kitu cha mzee wetu. Nikampelekea mzee mmoja muuza mapambo ya fedha, Mzanzibari kama sisi. Akaiweka kiganjani, akaipimapima, akanirudishia. "Hii haisuguliwi, mwanangu," akasema. Nikaifunga tena kwenye kitambaa chake, lakini sikuondoka. Ngoja nikueleze kwa nini.

Babu alikuwa fundi cherehani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwashonea askari wa Kiingereza kambini Mombasa, na waliokuwa wakiondoka walimwachia beji za kofia zao. Tulipohamia Muscat akafungua duka Ruwi, akaendelea kushona sare za wanajeshi. Alhamisi, siku ya mapumziko wakati huo, akishakula wali wa nazi hujilaza barazani na kopo lake, akaniita. "Fumba macho. Lete kiganja." Ananiwekea beji moja, nami niseme ni ya madini gani. Shaba ni nzito, na ukiishika mkono unanuka mpaka ukoge. Nikeli ni nzito vile vile lakini haina ile harufu. Ya plastiki, waliyotengeneza shaba ilipoadimika vitani, inapata joto upesi. Nikitaka kuchungulia husema, "Macho ya nini? Niambie kwa kiganja." Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa nikikosea, na kaka zangu walinichukia kwa hilo.

Aliyoipenda kuliko zote ni ya shaba, yenye picha ya ngome. Kuisugua ilikuwa kazi yangu peke yangu. Bibi ananipa ukwaju na jivu, naichovya kwenye bakuli, nasugua kwa kitambaa mpaka inawaka, na vidole vinaniwasha kwa ule ukali.

Sasa Alhamisi moja katuni zikaanza kwenye televisheni. Nikaiacha beji ndani ya bakuli, nikakimbia. Niliporudi nimeshasahau, nikamwaga bakuli lote kwenye shimo la maji machafu uani. Nikasikia kitu kimegonga, tiki, basi. Nilitia mkono mpaka begani. Bibi akaniuliza natafuta nini, nikamwambia sabuni.

Tulikuwa na jirani aliyekuwa na karakana Wadi Kabir, akinunua vyuma vibovu. Ana ndoo nzima ya vifungo na beji zilizoachwa na maofisa wa Kiingereza waliorudi kwao. Nikamganda mkewe mpaka akanichukua kule, nikapekua ile ndoo asubuhi nzima, mikono myeusi tititi. Nikaipata ngome. Ile ile, ya manjano, tena inang'aa kuliko ya babu. Lakini nilipoiinua tu, kiganja kikaniambia. Nyepesi. Nikainusa, haina harufu. Si shaba hii. Nikajua, na bado nikaitia mfukoni, nikaenda kuiweka ndani ya kopo la babu.

Alhamisi iliyofuata babu hakuniambia nifumbe macho. Aliichukua ile beji, akafumba yeye. Akaipimapima kiganjani, huku bibi anamwita chai inapoa. Halafu akafumbua akanitazama. "Hii usiisugue tena," akasema, akaifunga kwenye kitambaa akaiweka juu ya zote. Hakuuliza kitu. Tangu siku ile akawa ananipa vifungo nimshonee, na mchezo wetu ukaendelea na beji nyengine, lakini ile hakunipa tena. Ningeona afadhali anichape. Alifariki sijamwambia, na miaka yote hii nimeamini ile ilikuwa adhabu yangu: kajua namdanganya, akaninyang'anya kazi niliyoipenda.

"Kwa nini haisuguliwi?" nikamuuliza yule mzee wa Ruwi.

"Hii alumini, mama. Walianza kuzitoa baada ya vita. Dhahabu yake ni rangi tu ya juu. Itie ukwaju na jivu, uone. Inatoka yote, inabaki nyeupe pe. Mimi nyingi nnazoziona zimeshaharibiwa hivyo. Hii katunza mtu anayejua."

Nikavuta kigoda nikakaa. Mtu anayejua! Babu alishona sare mpaka mwisho wa maisha yake, beji za alumini zilipita mikononi mwake kila siku. Hakuninyang'anya kazi. Alinizuia nisije nikaiharibu, kwa mikono yangu mwenyewe, ile beji niliyomletea. Nilicheka peke yangu pale dukani, machozi yananitoka, mzee wa watu akanipa maji. Nakwambia kweli, tangu nina miaka tisa sijapumua vile.

Duka la babu siku hizi wanauza simu. Uani kwetu pamejengwa ghorofa, na ngome ya shaba iko chini yake huko, na bibi hayupo wa kunipa jivu. Nyumba zote sasa ni gesi, jivu lenyewe ulitoe wapi.

Fremu nimeghairi. Beji nimempa binti yangu ndani ya kitambaa kile kile, nikamwambia, hii usiisugue. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia afumbe macho, alete kiganja.