Siku Niliyoomba Ninyongwe

Uwaziri wa Ufaransa niliupata kwa sababu ya mwandiko. Naandika polepole sana, lakini herufi zangu zinasomeka, kwa hiyo mwalimu mstaafu anayeongoza kikundi cha vijana parokiani kwetu, Mtinko, alinipa kazi ya kunakili igizo kwa ajili ya waigizaji wote. Alikuwa amechoshwa na maigizo yetu ya kila mwaka kuhusu mahari na waganga. Mwaka huu alitaka historia. Alikuwa na kitabu kikuukuu chenye habari za waziri wa mfalme mmoja wa Wafaransa wa zamani, mtu wa familia ya kawaida tu, aliyepanda mpaka akashika hazina yote ya nchi, akabuni kodi, akasimamisha hadi sanamu yake karibu na sanamu za wafalme. Mfalme alipokufa, ndugu wa mfalme alimshitaki yule waziri, akanyongwa.

Kijana aliyepangwa kuwa waziri alipata kibarua Itigi, akaondoka sikukuu ikiwa imekaribia. Mwalimu aliuliza nani anayajua maneno yake. Niliyajua mimi peke yangu, maana ukinakili polepole kitu kinakuingia hata usipotaka. Nilinyoosha mkono, na mwalimu akadhani naomba kwenda chooni.

Nieleze kidogo nilivyo. Shule ya msingi nzima nilikuwa mtu wa kunyamaza. Nikiulizwa swali, jibu ninalo, lakini linafika mdomoni wakati wenzangu wameshahamia somo lingine. Bibi aliyenilea alishazoea. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo mimi ananiita mume wangu, na majirani amewaambia kwamba yeye ameolewa na mlango, usipousukuma hautoi sauti.

Sasa mwishoni mwa igizo kulikuwa na hotuba ya waziri kabla ya kunyongwa. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Uwaziri wenyewe, kodi na sanamu, wangeweza kumpa yeyote. Nilitaka kusimama mbele ya watu wa Mtinko, bibi akiwepo, niseme maneno yale mpaka mwisho bila mtu kunisaidia.

Siku ya sikukuu, baada ya misa, watu walikaa uwanjani kwenye viti na mabenchi, simu zimeinuliwa. Mfalme alikuwa mchinjaji wetu, mwenye taji lililokatwa kwenye debe la mafuta ya alizeti. Mwalimu mwenyewe alikuwa ndugu wa mfalme. Ili watu waielewe kodi ya Wafaransa, mwalimu aliiandika kuwa kodi ya kuku, na akamwomba mama mmoja anayeuza kuku gulioni aje na kuku wake awe mwananchi.

Kupanda kwangu kulikwenda vizuri. Mfalme alinivika joho la pazia, nikakaa upande wake wa kulia. Shida ilianza nilipotakiwa kumfokea yule mama. Ni mtu wa umri wa mama yangu mzazi. Nilisimama mbele yake na fimbo yangu ya uwaziri, nikafungua mdomo, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," alijibu, kwa upole kabisa.

"Lete kuku wote wa mfalme."

Akaanza kulia kama alivyofundishwa, lakini watu walikuwa wameshacheka mpaka benchi moja likaanguka. Kuku wakapelekwa nyuma ya mashuka yaliyokuwa pazia letu. Halafu mfalme akaugua, akafa vizuri, akafunikwa kitenge. Mwalimu akajitokeza na sauti ya ukali, akanivua joho, akanishitaki kwa wizi wa mali ya nchi, akaamuru ninyongwe. Nikasimama chini ya nguzo mbili zenye kamba. Nikavuta pumzi ya hotuba.

Bibi akasimama.

Alipita katikati ya watu na fimbo yake, akaja mpaka mbele, akamuuliza mwalimu kosa la mume wake ni nini. Mwalimu alimwambia kwa heshima, "Mama, hii ni historia."

"Historia ni ya huko huko. Huyu ni mume wangu. Mkishamnyonga, kuni atanichanjia nani? Wewe?"

Kwetu mtani akiingia kati, shughuli inasimama mpaka aridhike, hata kama shughuli yenyewe ni msiba. Mtu akamletea bibi kiti. Wazee wawili watatu wakasogea mbele na viti vyao, na kabla sijaelewa vizuri, Ufaransa ikawa baraza la kijiji. Mmoja akapendekeza faini ya mbuzi. Mama wa kuku akasema yeye mbuzi hamtaki, anataka kuku wake, maana gulio ni kesho. Nikaulizwa kuku wako wapi. Nilijibu kama nilivyonakili, kwamba wote walipelekwa kwa mfalme.

Macho yote yakaenda kwenye kitenge. Kitenge kikainuka.

"Mimi sijala kuku wa mtu," alisema marehemu. "Nimekufa hata supu sijaonja."

Mwalimu alimwomba afe tena, naye akafa, lakini kwa kununa. Wazee waliteta kidogo, kisha wakatoa uamuzi: kuku warudishwe, waziri asamehewe, aende nyumbani na mke wake. Watu wakapiga makofi. Mwalimu alivua kofia yake ya ukoo wa kifalme, akaikalia. Harufu ya pilau ilikuwa imeshafika uwanjani, watu wakaanza kunyanyua viti, na bibi alikuwa ameshanishika mkono tuondoke.

Mimi hotuba ilikuwa bado kifuani.

"Naomba mninyonge," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nikarudia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa hata nikiwafukuza ngedere shambani. Waliobeba viti wakageuka. Bibi akanitazama.

"Mume wangu, unaumwa?"

"Hapana, bibi. Kuna maneno nayasema kabla ya kunyongwa. Mkinisamehe, siyasemi."

Akanichunguza uso. Halafu akageuka, akawaambia watu kwa Kinyaturu warudishe viti. Kwa Kiswahili akamwambia mwalimu, "Mnyongeni. Lakini aongee kwanza."

Nikaongea. Nilisema polepole, kama ninavyoandika, na safari hii hakuna aliyehamia somo lingine. Nilisema kila nililofanya niliagizwa na mfalme, na mfalme sasa hawezi kunitetea. Nilisema waliokula na mimi leo wanatazama chini. Mchinjaji chini ya kitenge hakutikisika. Na nikafika mwisho: "Nilipopanda mlinipigia makofi. Leo nashuka. Msitazame miguu yangu, nitazameni usoni."

Wakanitazama usoni. Mama wa kuku alikuwa anajifuta machozi ambayo hakufundishwa. Mwalimu alitakiwa aseme, "Mpelekeni," lakini alikuwa amesahau kwamba yeye ni ndugu wa mfalme, amekaa tu mdomo wazi. Nikasubiri. Hakuna aliyekuja kunichukua.

Ikabidi nijipeleke. Nilikwenda nyuma ya mashuka, penye kuku na mfuko wa pumba uliowekwa ili uangushwe, watu wasikie kishindo cha kunyongwa kwangu. Aliyetakiwa kuuangusha alikuwa ametoka kwenda kusikiliza. Nikaunyanyua mwenyewe, nikauachia. Kuku wakapiga kelele, huko nje bibi akaanza kunililia, na mimi nikakaa juu ya mfuko, nacheka peke yangu.