Bisibisi Kwenye Meno ya Baba

Juzi mjukuu wangu alikuwa uani kwangu Kashaulili, anaseti injini ya gari lake la mbio, alilolinunua limeshatumika na kubadilishwa vitu nisivyovijua. Akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga kule Mamba. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, kibanda kilinuka dizeli na unga wa moto. Alikuwa anairekebisha injini, lakini mpini wa bisibisi yeye aliuuma kwa meno. Nikadhani anaonja mafuta.

"Mama, inagonga?" akaniuliza.

Ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, mpaka kuku walikimbia. Nikaona ananitania, maana mtu mzima atakosaje kusikia kelele ile? Nami nikamtania.

"Haigongi, baba. Inaimba!"

Akacheka, akaitia kasi. Hata debe la kwanza la mahindi halijaisha, injini ikanoki, ikafa kabisa. Toka hapo wanawake walipita mlangoni kwetu na mahindi kichwani, wakienda kusaga kwingine. Baba hakunichapa. Alisema tu, "Mwanangu, si nilikuuliza?"

Nilishazaa ndipo nikaelewa. Ile mashine ilikuwa imemmaliza masikio, akawa anasikilizia meno. Siku ile alikuwa ananiomba masikio yangu.

"Bibi, hebu sikia," mjukuu akaniita, akicheka. "Au nyie wazee hamsikii? Inagonga?"

"Inagonga," nikamwambia. "Zima. Zima sasa hivi."